Uwanja wa Sultan Ahmed: Wafalme Wamepita, Wakfu Umebaki



Mwaka uliopita, tukirejea kutoka Umra, mimi na mama watoto tulijaaliwa kukaa siku mbili mjini Istanbul, Uturuki. Nakiri mbele yenu, wasomaji wangu, kwamba sikuwa na hamu ya kutembea. Niliona kwamba baada ya kuiaga Al-Kaaba, kwenda kutazama mawe ni upuuzi. Mwenzangu akanijibu kwa upole, "Sheikh, si Mola wetu aliyetuamrisha tutembee katika ardhi, tuutazame mwisho wa waliotutangulia?" Hoja yangu ikaishia hapo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hatujaafikiana. Marehemu mama yangu aliniachia nyumba kuukuu, ambayo chumba chake cha mbele mabanati wa mtaani husomea Qur'ani. Nilikwishapata mnunuzi, na fedha zile nilizikusudia kwa paa la nyumba yetu. Mke wangu hakuridhia.

Baada ya swala ya Alfajiri tulifika katika uwanja wa Sultan Ahmed. Zama za Warumi hapa palikuwa mahali pa mashindano ya farasi na magari ya kukokotwa. Mwaka 532 watu waliasi, na wanahistoria wa zama zile wametaja kuwa takriban watu 30,000 waliuawa papo hapo. Leo watoto hukimbizana na njiwa.

Katikati imesimama nguzo ya jiwe jekundu iliyochongwa Misri zama za Firauni Thutmose wa Tatu, zaidi ya miaka 3,400 iliyopita. Kaisari Theodosius aliisimamisha hapa mwaka 390. Karibu yake ipo nguzo ya shaba ya nyoka watatu waliosokotana, iliyotengenezwa na Wayunani baada ya kuwashinda Waajemi mwaka 479 kabla ya Nabii Isa, alayhis salaam. Vichwa vya nyoka wale vimekatika. Kila mfalme alileta fahari ya mwenziwe aliyemtangulia, kisha naye akaondoka.

Pembeni ndipo ulipo msikiti wenye minara sita, ulioanza kujengwa mwaka 1609 kwa amri ya Sultan Ahmed wa Kwanza. Ndani yake mna vigae zaidi ya 20,000 vya Iznik, vyenye maua ya rangi ya buluu. Sultan huyo alifariki mwaka 1617, akiwa na umri wa miaka 27 tu. Kaburi lake lipo hapo hapo, na adhana bado inaadhiniwa.

Kilichomgusa mke wangu zaidi kilikuwa hamamu iliyopo baina ya msikiti huo na Ayasofya. Ilijengwa mwaka 1556 na mhandisi Sinan kwa amri ya Hurrem, mke wa Sultan Suleiman. Bibi huyu aliingia kasri akiwa mtumwa. Baadaye aliweka wakfu msikiti, madrasa na hospitali mjini humo, na mwaka 1552 akaanzisha Baitul Maqdis jiko la kuwalisha masikini, ambalo liliendelea kupika karne nyingi baada ya kufa kwake.

Tulikaa kwenye benchi. Mwenzangu akauliza, "Na mama yako, Mungu amrehemu, tutamwachia nini kisichokatika?" Nilinyamaza. Nimefundisha hadithi ya sadaka yenye kuendelea kwa miaka mingi, nikiwahimiza wengine. Pale nilitambua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa tayari kuuza mlango wa thawabu za mama yangu kwa ajili ya mabati.

Tuliporudi Mombasa nilimrejea yule mnunuzi na kumwomba radhi. Nyumba ile nimeiandika wakfu mbele ya mashahidi, na mabanati wanaendelea kusoma. Paa letu bado linavuja. Masika yakija, mke wangu ndiye anayetega sufuria, wala sijamsikia akinung'unika.

Dada zangu na mama zangu, msidhani wakfu ni kazi ya masultani. Chumba kimoja, msahafu mmoja au mtungi wa maji mlangoni pa madrasa hutosha, nia ikiwa safi.

Mwenyezi Mungu atukubalie, na awarehemu wazazi wetu. Wabillahi tawfiq.