Kufuli Halitoshi kwa Nyumba ya Mawe

Kwa mpwa wangu Salma,

Nimesikia huku Lamu kwamba wewe uliyeko Muscat wataka nyumba ya marehemu mamako, ile aliyopewa alipoolewa kama ilivyo desturi yetu ya kumpa binti nyumba, ifungwe kwa kufuli kubwa mpaka utakaporudi. Kabla fundi hajaitwa, soma haya.

Kabla ya mwizi mwenye mtaimbo, nyumba ya mawe huvamiwa na mvua. Kuta za Lamu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliofanya vyumba vyetu viwe vyembamba, upana usiofika mita 3. Boriti kavu huzika vizazi. Lakini paa likivuja, maji huteremka ndani ya ukuta hadi pale ncha ya boriti ilipolala, nayo huoza humo isikoonekana. Ukisimama chumbani ukaitazama, katikati yake ni nzima kabisa. Ncha ikiachia, dari yote i chini. Penye watu, doa la maji huonwa asubuhi yake na fundi akaitwa. Penye kufuli, doa hilo humaliza masika nzima.

Kisha kuna ndege, wanaodondosha mbegu za mtini juu ya ukuta. Mche ung'olewe ungali na majani mawili. Ukifika kimo cha mtoto, mizizi imeshapenya kati ya mawe, na kuung'oa ni kuubomoa ukuta wenyewe.

Hata jengo la kifalme halikusalimika. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, ilifungiwa wageni baada ya sehemu yake kuporomoka mwaka 2012. Matengenezo makubwa yalipokuja, yalikuja kwa jengo lililokwisha kuchoka. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ikiendelea, mnara na upande wa mbele vilianguka, na watu wawili wakafa.

Wako wanaoziba milango na madirisha kwa matofali, wakapiga lipu ya saruji. Mwizi huzuilika kweli, ila unyevu nao hufungiwa ndani, kwa kuwa saruji haiachi ukuta wa chokaa upumue. Mbao zenye nafasi, na wavu wa kuzuia popo nyuma yake, zafaa zaidi. Umeme ukatwe, maji yafungwe. Mlango wa nakshi ufungwe kwa ndani, na watu watokee mlango wa nyuma, maana kufuli linaloning'inia nje mwaka mzima humwambia kila mpita njia kwamba hakuna mtu.

Dawa yenyewe ni mtu. Akae mtu ndani, hata katika chumba kimoja, afungue madirisha, apande juu baada ya kila mvua. Hapa ndipo warithi wengi walioko ng'ambo hukosea: humwachia jamaa nyumba kwa maneno matupu. Sheria ya Kenya humruhusu aliyekalia mali ya mwenzake waziwazi, bila idhini, kwa miaka 12 kwenda mahakamani kudai iwe yake. Anayekaa kwa idhini hana dai hilo, lakini idhini ya mdomo ni vigumu kuithibitisha. Kwa hiyo idhini na iandikwe, itiwe sahihi mbele ya mashahidi, na iwekwe upya kila mwaka, hata akiwa ndugu wa damu. Ndugu mwema hatachukia karatasi.

Tena mji huu umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001. Fundi asibomoe ukuta wala kubadili paa kabla ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya haijaarifiwa.

Binti wa jirani, mwalimu, anatafuta mahali pa kukaa na mumewe. Nimemwona, ni mtu wa kutegemewa. Ukiridhia, niletee barua ya idhini yenye sahihi yako kabla ya Machi kwisha, ili paa litazamwe mvua haijaanza.

Mjomba wako