Kaseti ya Jeddah

Elwak, Jumatano, 10 Januari 2024
Ayeeyo, bibi wa nyumba ya nyuma, ameniletea redio kaseti ya National ya spika mbili, kaifunga kwenye shuka kama mtoto. Mkono wa kubebea ulivunjika zamani, pameshonewa ngozi. Ndani mna kaseti imekwama. Ni sauti ya marehemu mumewe, aliyekuwa Jeddah. Enzi hizo aliyekwenda Uarabuni kutafuta riziki hakuhangaika na barua: alinunua kaseti tupu, akaijaza salamu na maagizo ya mifugo, akampa msafiri anayerudi. Na mashairi yalisafiri vivyo hivyo. Ule mjadala wa washairi wa Kisomali ulioitwa Deelley, aliouanzisha mshairi Gaarriye mwaka 1979, ulizunguka kwa kaseti iliyonakiliwa na kunakiliwa tena.

Nimefungua skrubu. Vumbi jeupe tele. Kwetu penye jasi hata redio zinaota mvi.

Ijumaa, 12 Januari
Mota nzima. Transista nzima. Kilichokufa ni raba: ule mkanda wa kuzungusha magurudumu umeyeyuka, umeganda kwenye puli kama lami, umenichafua vidole hadi kwenye viwiko. Nimefuta kwa spiriti na pamba mpaka shaba ikaonekana. Nimempigia kijana wa Eastleigh, Nairobi, aniwekee mikanda kwenye basi. Nikijaribu na raba ya kufungia noti, mota inazunguka lakini sauti inayumba.

Kuna mnunuzi wa Nairobi anayekusanya redio za zamani, ameniuliza kama mama atauza. Anataka boksi na nembo yake. Kaseti, amesema, nitoe.

Jumapili, 14 Januari
Joto limefunga duka. Nimelala kwenye mkeka nikipekua katoni la magazeti aliloniachia mwalimu mmoja mstaafu, mengi ni Practical Wireless, gazeti la Uingereza lililoanza mwaka 1932. Nayapenda kwa michoro yake: kila waya una mahali pake, na mtu wa kawaida aliaminiwa kushika chuma cha kulehemu. Ila matoleo ya zamani yana sebule moja tu kichwani, yenye zulia na plagi ukutani. Valvu, zile taa za kioo, zinataka umeme mwingi, nyingine volti mia mbili na zaidi. Nani angeibeba mashine hiyo juu ya ngamia kutoka hapa hadi Wargadud?

Kilichotuletea muziki na habari nyumbani ni transista. Regency TR-1 ilitoka Marekani mwaka 1954 na transista nne tu, ikaingia mfukoni. Wajapani wakafuata, Philips wakaleta kaseti mwaka 1963, na mfugaji akawa na chombo kinachokubali betri kavu. Wanaoandika historia ya vyombo vya sauti huanza na spika kubwa za mbao. Kwa huku waanze na betri.

Jumanne, 16 Januari
Saa kumi na moja jioni, hotelini, wazee na BBC. Idhaa ya Kisomali ilianza mwaka 1957, na wapo hapa ambao hawajawahi kuisikiliza wakiwa peke yao. Adeer mmoja alikumbuka vita vya Shifta vya huku kaskazini mwa Kenya, jinsi Redio Mogadishu ilivyokuwa ikirusha maneno makali kuvuka mpaka. Kweli redio ilikuwa silaha: Kenya na Somalia zilipopatana Kinshasa na Arusha mwaka 1967, mojawapo ya waliyoafikiana ni kuacha propaganda za uhasama.

Wazee wenyewe walijua kazi ya mawimbi mafupi bila gazeti. Mchana unatafuta mita 19 au 25. Giza likiingia, unahamia 41 na 49.

Sasa kuna madishi kila paa. Arthur C. Clarke aliandika habari za setilaiti za mawasiliano katika Wireless World la Oktoba 1945: ziwekwe juu ya ikweta, kama kilomita 36,000, zizunguke sambamba na dunia. Kwa kuwa sisi tuko karibu na ikweta, madishi yetu yanatazama juu kabisa, mvua ikija yanajaa maji. Hilo Clarke hakuliandika.

Alhamisi, 25 Januari
Mikanda imefika. Utepe wa kaseti unapita sentimita 4.76 kwa sekunde, na mkanda mpya umeushika mwendo huo. Lakini sauti ilikuwa nzito, kama mtu anasema ndani ya blanketi. Kando ya kichwa cha kusomea kuna skrubu ndogo ya chemchemi. Nimeizungusha robo, nikarudisha kidogo, mpaka herufi ya "s" ikafunguka. Marehemu alikuwa amenunua kaseti ya dakika 120, ambayo utepe wake ni mwembamba mno na hupenda kujisokota kwenye roli, kwa hiyo nimeinakili kwenye simu mara ya kwanza tu ilipopita.

Ayeeyo alisikiliza hadi salamu zikaisha. Machozi nilikuwa nayatarajia. Badala yake akainua kidole: "Fundi, hapo! Rudisha!" Nikarudisha. Mumewe anataja ngamia jike aliyeazimwa ndugu yake, na kwamba uzao wake ni wa watoto wa nyumba hii.

Simu haitaki, anasema shemeji atadai imetengenezwa. Anataka redio yenyewe, na kaseti yenyewe. Kikao ni kesho baada ya swala ya alasiri. Mimi nilete betri kubwa sita, mpya.