Sekunde Ishirini Nilizotaka Kuzifuta

Najua nimepotea kwa muda, na wengine mmeanza kuuliza kama nimeacha kuandika. La hasha! Nilikuwa ndani ya kiwanda kimoja cha maziwa (jina naliweka kibindoni), nikihamisha programu kutoka kwa mashine iliyonizidi umri. Nimerudi na somo ambalo miaka minne ya shahada ya sayansi ya kompyuta haikunipa.

Kwanza, kwa wale ambao hawajawahi kuingia kiwandani. Ndani ya kabati la chuma karibu na mtambo huwa kuna kompyuta isiyo na skrini wala kibodi. Mafundi huiita PLC. Kazi yake ni moja tu: husoma hali ya swichi na sensa zote, hupitia programu yake kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, huwasha au kuzima vali, pampu na mota, kisha huanza upya. Hufanya hivyo mara nyingi kwa sekunde, usiku na mchana, kwa miaka.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na makabati yaliyojaa relei. Mwaka 1968 General Motors, kule Marekani, walichoka kufunga waya upya kila modeli ya gari ilipobadilika, wakatafuta kitu cha kuchukua nafasi ya relei. Kampuni ndogo ya Bedford Associates, alimokuwa mhandisi Dick Morley, ikawajibu kwa Modicon 084. Hiyo 084 ni kwa sababu ulikuwa mradi wao wa 84.

Niliyoikuta mimi ilikuwa Siemens SIMATIC S5, familia iliyoanza mwaka 1979. Mtambo wenyewe ulinunuliwa mtumba Ulaya, na programu ilikuja nao ikiwa na amri za Kijerumani. U ni kifupi cha und, yaani "na". O ni oder, "au". E ni Eingang, mahali ishara inapoingilia, na A ni Ausgang, inapotokea. Kwa siku tatu za kwanza nilikuwa mwanafunzi wa Kijerumani kuliko mwanaprogramu!

Kwa nini kuibadilisha, ilhali ilikuwa inafanya kazi? Sababu mbili. Kadi moja inayowasha vali ilikufa, na ya kuiziba pengo ikabidi itafutwe kwa wauzaji wa mitumba ng'ambo. Ya pili ni betri. Programu ilikuwa inakaa kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri ya lithiamu. Stima ikipotea wakati betri imeisha, programu imeyeyuka. Na hapa kuna mtego: betri hiyo hubadilishwa PLC ikiwa imewashwa. Fundi mwangalifu anayezima umeme kwanza, kama alivyofundishwa, ndiye anayefuta kila kitu. Kwetu hapa, ambako stima hupotea bila hodi, hilo linakosesha mtu usingizi.

Basi kazi ya kwanza ilikuwa kunakili programu. S5 haizungumzi na laptopu moja kwa moja. Tundu lake hutumia mkondo wa milliampere 20, kwa hiyo nilihitaji kebo yenye kigeuzi. Ilipokubali nilifurahi, lakini si kwa muda mrefu. S5 haihifadhi maelezo ya mwanaprogramu. Majina na maneno ya kueleza nini ni nini hubaki kwenye kompyuta ya aliyeandika, na kompyuta hiyo sijui ilizikwa wapi. Nilichopata ni mifupa mitupu. Mfano:

U E 4.2
L KT 020.2
SE T 12
U T 12
= A 2.3

Tafsiri yake: ishara namba 4.2 ikiwaka, subiri 20 mara sekunde moja, kisha washa kifaa namba 2.3. Nilifuata waya nikagundua kwamba 4.2 ni swichi ya joto la maziwa na 2.3 ni vali ya kuyapeleka mbele kwenye upakiaji. Maziwa yanatakiwa yafike nyuzi 72 za Selsiasi na yakae hapo angalau sekunde 15. Yasipofika, vali huyarudisha nyuma yapashwe tena.

Sasa, ninyi mnaoandika programu mnajua tunavyofikiri tukiona "subiri sekunde 20" bila maelezo. Mara nyingi ni kiraka. Mtu alishindwa kupata kosa akaweka subira, akaenda nyumbani. Nikaifuta. Kwenye programu yangu mpya ya S7-1200, joto likifika, vali inafunguka papo hapo. Safi, fupi, yenye majina mazuri. Nilijipongeza.

Kabla ya kuifunga mtamboni niliijaribu mezani, taa ndogo zikiwa badala ya vali. Fundi mkuu wa umeme, mzee ambaye yuko hapo tangu mtambo uliposimamishwa, akaja kutazama. Nikapandisha joto. Taa ikawaka.

"Kijana, mbona imefunguka haraka hivyo?"

"Joto limefika, Mzee."

"Limefika wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nimfuate. Tulipofika akanionyesha sensa ya joto: iko pale maziwa yanapotoka tu kwenye kipashio. Baada ya hapo kuna bomba refu linalopinda kwenda na kurudi, na vali iko mwisho wake. Mzee akaanza kutembeza kidole hewani, sambamba na bomba, akihesabu polepole kwa mwendo wa maziwa. Moja, mbili, tatu... Alifika kwenye vali akiwa kumi na saba.

Hapo nikaelewa, na tumbo likanishuka. Tuseme mvuke umepungua na joto likaanguka. Vali inarudisha maziwa nyuma mara moja, vizuri. Kisha joto linapanda tena. Sensa inasema sawa, lakini bomba zima bado limejaa maziwa yaliyopita wakati joto liko chini. Zile sekunde 20 ndizo zilizokuwa zikiyatoa yote, na akiba kidogo juu. Mimi ningeyapeleka kwenye pakiti. Hakuna king'ora ambacho kingelia. Hata chati ya joto ingeonyesha kwamba vali ilifunguka joto likiwa sawa. Na maziwa yasiyoiva ndiyo njia ya bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe kufika kikombeni mwa mtoto wa mtu.

Nilirudisha subira. Halafu nikamwomba Mzee tuketi tupitie taima zote, moja baada ya nyingine. Zilikuwa 31. Nyingi alizijua kama anavyojua wanawe. Moja akacheka: ilikuwa ya pampu iliyong'olewa kitambo, tukaifuta. Tatu hata yeye hakuzijua. Hizo hatukuzigusa hadi tulipoendesha mtambo kwa maji badala ya maziwa na kuona kila moja inalinda nini.

Tulibadilisha Jumamosi usiku, baada ya mtambo kuoshwa. Ile S5 tuliiacha kando na waya zake zimewekwa alama, ili mambo yakiharibika tuirudishe kabla ya malori ya maziwa kufika alfajiri. Saa tisa usiku tukafunga mvuke makusudi. Joto likaanguka, vali ikarudisha. Tukafungua mvuke, joto likapanda. Mzee akasimama kwenye bomba akihesabu kwa sauti, nami sikupumua hadi ishirini.

Ikafunguka.

PLC mpya hubeba maelezo ndani yake. Kwa hiyo juu ya taima hiyo nimeandika, kwa Kiswahili, inalinda nini, sensa iko wapi, na kwamba asiipunguze mtu kabla ya kupima bomba. Jina lake nimeiita Subira_Bomba. Mzee anastaafu mwakani, na yeyote atakayekuja baada yetu hatakuwa na kidole chake cha kumwonyesha.

Haya, wacha niishie hapo. Kama kazini kwenu kuna mashine kuukuu na mzee anayeielewa, nendeni mkakae naye wiki hii, na mbebe daftari. Siku njema.