Upepo Kwenye Geji, Moto Kwenye Ngoma

Miaka ya 1980, nilipokuwa utingo kwenye barabara ya Dar es Salaam na Tunduma, kazi yangu kubwa Mlima Kitonga ilikuwa kushika gogo. Lori likisita kupanda, naruka chini kutia gogo nyuma ya tairi. Kurudi, tukiteremka, ndiko kulikokuwa na hofu. Tela letu lilikuwa la mpira mmoja: mpira uliojaza tangi la tela ndio huohuo uliopeleka amri ya breki, kwa hiyo dereva akikanyaga, tangi halijazwi. Ukikanyaga na kuachia ovyo, upepo wa tela unakwisha na mteremko bado upo. Mzee aliyenifundisha kazi hakutaka mazungumzo tukishuka. Alitaka kuisikia kompresa ikijaza upepo.

Baadaye yakaja matela ya mipira miwili, mmoja wa kujaza tangi muda wote, wa pili wa amri. Halafu breki za springi, na kwangu hayo ndiyo mageuzi makubwa kuliko yote. Awali upepo ndio uliobana tairi. Ukiisha, huna breki. Kwa springi, upepo ndio unaoachia. Mpira ukikatika, springi inabana yenyewe. Ndiyo maana asubuhi lori hunguruma kwanza, upepo ujae, ndipo liondoke.

Lakini wengi walidhani hatari imekwisha, na hilo linaniuma. Mteremko mrefu unaua kwa joto hata kama upepo upo. Ngoma ya breki ikichemka hutanuka na kuzikimbia brekishu, fimbo ya chemba ya breki inafika mwisho wa safari yake, na brekishu zenyewe zinapoteza mshiko. Geji wakati huo inasoma baa 8, tangi limejaa! Springi nayo haikuokoi, maana inabana ngoma ileile iliyoungua.

Dereva mwenzangu, chagua gia nzito kabla hujaanza kushuka, injini ibebe mzigo. Kanyaga breki kwa uthabiti mwendo upungue, kisha iachie ipoe. Nanyi wenye magari, acheni kumwambia fundi azibe upepo wa ekseli yenye breki mbovu ili safari iendelee. Ekseli zilizobaki ndizo zitakazobeba joto lote. Ile mbovu itengenezeni Iringa, kabla gari halijaanza kuteremka Kitonga.