Msamiati wa Sifa katika Daftari la Mwanafunzi

Miongoni mwa maeneo ya Kiingereza yaliyowasumbua wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania, msamiati wa kumsifu mtu hadharani ulikuwa na ugumu wa pekee, kwa kuwa maneno yake hayakusikika katika mazungumzo ya darasani, bali yalikutwa magazetini, katika hotuba za mahafali na katika riwaya. Kizazi cha mwandishi wa kumbukumbu hii kiliyapokea kwa njia moja: mwalimu aliandika ubaoni orodha ya visawe, yaani maneno yanayokaribiana maana, na kila mwanafunzi akainakili katika daftari lililopigwa mstari katikati, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia. Kushoto kulikuwa na "acclaim", "plaudits", "accolade", "ovation" na "eulogy". Kulia neno "sifa" lilijirudia kuanzia juu hadi chini, mara mojamoja likipokezana na "heshima" au "tuzo". Aliyekariri orodha hiyo alijibu maswali ya mtihani vizuri, lakini hakuweza kutenganisha neno la makofi, neno la nishani na neno la mazishini.

Neno "eulogy" ndilo lililoleta aibu zaidi. Asili yake ni Kigiriki, lenye maana ya kunena mema, na kwa kanuni linaweza kumhusu aliye hai. Hata hivyo, katika matumizi ya kawaida ya Kiingereza limeelekea kwa marehemu. Nchini Kenya limekwenda mbali zaidi, kwani wasifu unaochapwa katika ratiba ya mazishi, wenye tarehe ya kuzaliwa, shule, ndoa, watoto na wajukuu, huitwa kwa jina hilo hata pale ambapo sifa zenyewe ni chache. Mwanafunzi aliyelitumia katika hotuba ya kumuaga mwalimu anayestaafu alimzungumzia mtu aliye hai kwa lugha ya msibani, na katika jamii inayowaheshimu wazee kosa la namna hiyo haliwi dogo.

Kilichokosekana katika daftari lile ni hafla ambako kila neno lilitoka. "Accolade" lina mzizi wa Kilatini wenye maana ya shingo, kwa sababu aliyepewa cheo cha ushujaa wa kijeshi katika Ulaya ya zamani alikumbatiwa shingoni, na baadaye ishara hiyo ikawa kuguswa begani kwa ubapa wa upanga. Kutoka hapo neno likapanuka hadi kuhusu heshima yoyote inayotolewa rasmi. "Ovation" lilikuwa sherehe ya Warumi kwa jemadari ambaye ushindi wake haukufikia kiwango cha juu kabisa: hakuingia mjini kwa gari la farasi wanne, bali kwa miguu au juu ya farasi, na kichwani alivikwa taji la mihadasi badala ya laureli. Leo neno hilo hutaja makofi na shangwe za hadhira, na hadhira ikisimama, heshima huwa kubwa zaidi. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kuuona mpangilio huu kuwa mgeni, kwa maana naye hupambanua vigelegele vya harusini, fedha anazotuzwa mwimbaji wa taarabu mbele ya watu, na shahada anayotunukiwa mhitimu na mkuu wa chuo. Hakuna anayechanganya mambo hayo matatu kwa sababu tu yote ni sifa.

Mabadiliko ya kweli yaliletwa na kamusi za wanaojifunza. Kamusi ya A. S. Hornby, iliyotoka Tokyo mwaka 1942 na kuchapwa na Oxford mwaka 1948, ilikuwa tayari imeonyesha kwamba mgeni wa lugha anahitaji kufahamu jinsi neno linavyoingia katika sentensi. Mwaka 1987 ikatoka kamusi ya COBUILD, iliyoandaliwa Birmingham chini ya John Sinclair, ambayo ilijengwa juu ya kopasi, yaani hazina kubwa ya matini halisi zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, na ikafafanua maneno kwa sentensi kamili. Kwa njia hiyo msomaji aliona vitenzi vinavyoandamana na kila neno: mtu hushinda sifa za wahakiki kama anavyoshinda mchezo, na shangwe za ukumbini huzipokea. Faida hii ni kubwa kuliko wingi wa visawe, na ingefaa ifike madarasani mapema zaidi kuliko ilivyofika.

Magazeti nayo yalisaidia. Wangari Maathai alipopata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata ile ya Fasihi mwaka 2021, neno "laureate", yaani mshindi wa tuzo ya heshima, lilisomwa Afrika Mashariki likiwa limefungamana na watu wanaofahamika.

Hata hivyo, lipo neno ambalo kamusi bora bado hulitolea tahadhari, nalo ni "fulsome". Kwa baadhi ya waandishi linataja sifa tele zinazotoka moyoni. Kwa wengine linataja sifa zilizopita kiasi hadi kunuka unafiki, na maana zote mbili zimo katika Kiingereza cha leo. Mwanafunzi anayelikuta katika habari kuhusu kiongozi aliyesifiwa hana budi kusoma aya nzima, amtazame msemaji na msikilizaji wake, kabla ya kuamua kama kiongozi huyo ameheshimiwa au amerairaiwa.