Siku Mbili Katika Mji wa Lisbon

Kila mtoto aliyesoma katika shule za pwani ya Kenya amepata kulisikia jina la Vasco da Gama. Mimi nalifundishwa katika shule ya misheni kwamba bwana huyo ndiye aliyegundua njia ya bahari ya kwenda Bara Hindi, nami nikayaandika maneno hayo katika daftari langu, nikapewa alama nzuri. Sikuuliza swali. Baadaye nikawa karani wa serikali mjini Mombasa, na kila asubuhi nikienda kazini nikapita chini ya kuta za Ngome ya Yesu, ambazo Wareno walianza kuzijenga mwaka 1593. Hata hivyo sikudhani kwamba iko siku nitauona mji walikotoka watu hao.

Siku hiyo ilifika mwezi wa Mei, 2019. Nalikuwa nimepata nafasi ya masomo ya mwaka mmoja huko Coimbra, mji wa Ureno wenye chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1290. Wanafunzi wageni kumi na wanne tulichanga fedha zetu, tukapanda gari la moshi jioni ya Ijumaa, na baada ya mwendo wa saa mbili hivi tukashuka katika stesheni iliyo ukingoni mwa mto Tejo. Tulilala katika nyumba ya wageni ya bei nafuu, wanane katika chumba kimoja.

Mwenzangu wa karibu katika safari hiyo alikuwa kijana wa Msumbiji, mzaliwa wa mji wa Pemba katika jimbo la Cabo Delgado. Huko kwao husemwa Kimwani, lugha iliyo ndugu ya Kiswahili. Yeye akisema Kimwani nami nikijibu kwa Kiswahili, tulielewana nusu ya maneno, na nusu nyingine tukaikamilisha kwa kucheka. Aliniita kaka, kwa kuwa nalimzidi umri.

Jumamosi tulipanda mtaa wa zamani uitwao Alfama. Wasomaji walioko Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa wangejiona kama wako nyumbani: vichochoro vyembamba, ngazi za mawe, nguo zilizoanikwa madirishani, na akina mama wakizungumza toka nyumba moja hata ya pili. Waislamu waliutawala mji huu mpaka mwaka 1147, na jina la Alfama limetokana na neno la Kiarabu la chemchemi za maji moto, jamaa ya neno letu hamamu.

Tuliposhuka bondeni mambo yalibadilika. Huko barabara ni pana na zimenyoka kama mistari ya daftari. Sababu yake ni msiba. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba, 1755, watu wakiwa makanisani kwa sikukuu ya Watakatifu Wote, nchi ilitetemeka, bahari ikafurika, kisha moto ukateketeza yaliyosalia. Sehemu hiyo ikajengwa upya kwa mpango mmoja.

Karibu na hapo pana uwanja mbele ya kanisa la São Domingos. Tuliwakuta watu wengi wa Guinea-Bissau wamekaa wakipashana habari, na wanawake wakiuza kola. Mwenzetu mmoja wa Ghana alinunua, akatugawia. Nalitafuna, na uchungu wake sijausahau! Waafrika si wageni katika mji huo. Katika karne ya 16, karibu mtu mmoja katika kila kumi wa Lisbon alikuwa mtumwa, na wengi wao walitoka Afrika.

Jumapili tulikwenda Belém, mahali zilipoondokea merikebu. Huko liko jumba la watawa la Jerónimos, la mawe meupe yaliyochongwa kama kamba za jahazi na viumbe vya baharini. Mfalme Manuel wa Kwanza alianza kulijenga mwanzoni mwa karne ya 16, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa kwa kodi ya biashara iliyotoka Afrika na nchi za mashariki. Ibada ilipokwisha tuliingia kanisani. Mara tu baada ya mlango naliliona kaburi la Vasco da Gama. Sanamu yake imelazwa juu yake, mikono imekutanishwa kama mtu asaliye.

Nalisimama hapo kitambo. Nalifikiri juu ya mwezi wa Aprili, 1498, alipofika Malindi baada ya kushindwa kupatana na watu wa Mombasa. Mfalme wa Malindi alimpa rubani, na rubani huyo akamvusha hata Bara Hindi katika muda usiofika mwezi mmoja. Njia ile iliyosemwa katika daftari langu kwamba iligunduliwa, mabaharia wa bahari yetu walikuwa wakiipita kwa pepo za kaskazi na kusi karne nyingi kabla yake. Tena miaka saba tu baadaye, mwaka 1505, merikebu nyingine za Wareno ziliichoma Mombasa.

Mwanafunzi Mreno aliyekuwa akituongoza aliniuliza kwa adabu, “Huko kwenu Wareno wanakumbukwa kwa lipi?”

Nalimjibu, “Kwa maneno. Tunakula juu ya meza, tunapandisha bendera, wanawake wetu hujifunga leso. Na neno lenu la kanisa, igreja, kwetu limekuwa gereza, maana ngome mliyoijenga ilifanywa jela tangu mwaka 1895 hata 1958.”

Alinyamaza. Yule kijana wa Msumbiji akaniambia, “Kaka, kwenu hayo ni habari za mababu. Kwetu waliondoka mwaka 1975. Baba yangu aliwaona.”

Neno hilo lilinigusa. Tukatoka mpaka ukingoni mwa mto, kwenye mnara mkubwa wa Mavumbuzi uliojengwa mwaka 1960, wenye sanamu za watu thelathini na watatu wakitazama maji. Nalizitazama zote, nisimwone rubani wa Malindi. Chini yake pana ramani ya dunia iliyotengenezwa kwa mawe. Mwenzangu akasimama Msumbiji, nami nikasimama Kenya. Kati yetu hapakuwa hata na hatua moja.

Kutoka hapo tuliliona daraja refu jekundu lipitalo juu ya mto. Lilipofunguliwa mwaka 1966 lilipewa jina la Salazar, aliyekuwa akiitawala Ureno kwa mkono wa chuma. Leo huitwa Daraja la Tarehe 25 Aprili, kwa kuwa siku hiyo, mwaka 1974, askari wa Ureno waliochoshwa na vita vya Afrika waliiangusha serikali yao wenyewe. Mwaka uliofuata Msumbiji ikapata uhuru. “Daraja hili nalipenda,” alisema mwenzangu. Yule Mreno akasema babu yake alikuwa mmoja wa askari waliopelekwa vitani huko, na kwamba hakupenda kamwe kuyasimulia. Wakapeana mikono, na jioni, garini, wakaketi kiti kimoja mpaka Coimbra.

Wasomaji wapenzi, wahenga walisema tembea ujionee. Siku hizi nikipita chini ya Ngome ya Yesu hupunguza mwendo. Na mwanangu alipokuja na daftari lake lenye jina la Vasco da Gama, nalimwambia, “Andika pia kwamba Malindi palikuwa na rubani.”