Komwe na Maharage Darasani

Nilipoanza kusomesha baiolojia kidato cha tano na cha sita, miaka ya 1980, katika shule moja ya bweni upande wa Tanga, marudio yalikuwa ni jambo la kuchosha roho. Mwalimu alisimama ubaoni akayaandika upya yale aliyokwisha kuyaandika mwaka uliotangulia, na wanafunzi, macho mekundu kwa kukesha, wakayanakili upya katika madaftari ambayo tayari yalikuwa nayo; na yule aliyeweza kuyatamka yote kwa ghaibu, toka sehemu za seli hata mzunguko wa nitrojeni, ndiye aliyehesabiwa kuwa tayari kwa mtihani wa taifa. Mchezo ulikuwa na mahali pake, napo ni uwanjani baada ya alasiri.

Mchezo wa kwanza kuingia darasani uliingia kama tuzo. Ijumaa, vichwa vikishachoka, niliwagawa wanafunzi makundi mawili, wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) huku na wa CBG (kemia, baiolojia na jiografia) kule, nikasoma swali, na wa kwanza kusimama ndiye aliyejibu. Darasa lilihuika, na makelele yakafika hata kwa mkuu wa shule, akamtuma mtu kuja kuuliza kulikoni. Mchezo ule siudharau, kwani mtu aulizwaye jambo akalazimika kulitafuta katika kumbukumbu zake hulishika zaidi kuliko yule alisomaye tena na tena, na wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilionyesha hilo kwa majaribio mwaka 2006. Hata Kahoot, mchezo wa maswali wa kompyuta uliotoka Norwe mwaka 2013 na ambao walimu vijana wameupenda mno, kwangu mimi ni Ijumaa ile ile iliyotiwa rangi na muziki: aliye mwepesi ndiye avunaye alama nyingi.

Lakini wepesi si fahamu. Tulikuwa na kijana mmoja, hodari wa Ijumaa, aliyekuwa akijibu kabla swali halijaisha. Siku moja, nikiwa nimewakuta wenzake wakicheza bao chini ya mwembe, niliazima komwe zao, nikachimba mashimo manane ya mviringo mchangani, nikamwambia anichezee mzunguko wa upumuaji wa seli alioueleza Hans Krebs mwaka 1937, kila komwe ikiwa ni kaboni moja. Alianza vizuri: komwe nne shimoni, mbili zikaja kujiunga nazo, zikawa sita, ndiyo asidi ya sitriki. Akasogea mbele, akatoa moja. Akasogea tena, akatoa ya pili. Kisha akasimama, komwe mbili zi kiganjani, asijue pa kuziweka, ilhali majina ya asidi zote aliyajua kwa taratibu yake. Mwenzake aliyekuwa ameegemea mwembe akasema, “Si umezipumua, ndugu yangu!” Wote wakacheka, naye akacheka, na tangu hapo tuliweza kuzungumza hata lile ambalo daftari lilikuwa halilisemi, kwamba kaboni mbili zitokazo katika mzunguko ule si zile mbili zilizoingia punde.

Toka siku ile michezo yangu ilibadilika tabia, ikaacha kuuliza majina, ikawa ni mambo yenyewe yanayotendeka mikononi. Uliopendwa kupita yote ulikuwa wa maharage, nao niliutunga kwa ajili ya kanuni ya Hardy na Weinberg ya mwaka 1908, ambayo wanafunzi waliihofu kwa kuwa ina hesabu. Mfukoni mlitiwa maharage mekundu na meupe, nusu kwa nusu. Mekundu ni aleli ya kawaida, meupe ni ile ya selimundu. Ukichomoa mawili pasi na kutazama, umepata mtoto. Meupe mawili yaliwekwa kando, kwa maana ya mtoto asiyefikia kuzaa, na kizazi kilichosalia kikarudi mfukoni. Kwa hesabu, meupe hushuka toka nusu hadi thuluthi, kisha robo, kisha humusi. Ndipo nikaileta malaria: kwa kila mekundu mawili hutupwa dadu, na ikionyesha moja, mtoto huyo naye huondoka, lakini mwenye jekundu na jeupe husalimika. Sasa meupe hayakubali kuisha. Hesabu huyasimamisha kwenye sehemu moja katika saba. Jambo hili, kwamba mwenye aleli moja ya selimundu hukingwa na malaria, Anthony Allison alilibainisha mwaka 1954 kwa damu za watu wa Afrika Mashariki, na wanafunzi waliotoka pwani, ambao karibu kila mmoja alimjua mgonjwa wa selimundu, hawakuwa na haja ya kushawishiwa kwamba mchezo unawahusu.

Mwaka mmoja kundi moja liliishiwa na meupe kabisa, malaria ikiwa imo mchezoni. Walilalama kwamba kundi jirani limewaibia. “Mwalimu, tuwapekue!” Nikakataa, nikaamuru maharage yote yamwagwe sakafuni na kuhesabiwa pamoja na yaliyowekwa kando, hata moja halikupotea. Mfuko wao ulikuwa mdogo, maharage ishirini tu, na bahati peke yake yatosha kuifuta aleli katika umma mchache. Mada hiyo ilikuwa bado mbele katika silabasi, lakini nani angewazuia? Walikwenda jikoni kumsihi mpishi, wakarudi na maharage ya kutosha kuujaza mfuko mara kumi, wakacheza hata kengele ya chakula cha usiku ikapigwa, na safari hii meupe hayakuisha.